Arubaini ya Anayeuguza

Siku ya arubaini ya bibi yangu, nyumbani Ngamiani, watu walijaa mpaka barabarani. Turubai lilifungwa kuanzia mlango wa jirani wa kushoto hadi wa jirani wa kulia. Masufuria ya pilau yalikuwa matano. Ndugu ambao sikuwahi kuwaona tangu nikiwa shule ya msingi walishuka kutoka Dar, Korogwe, Pangani, wengine walivuka bahari kutoka Pemba. Hitima ikasomwa, dua ikaombwa, kisha mjomba akasimama kuzungumza kwa niaba ya familia. Akamgeukia mama mkubwa, aliyekuwa amekaa mlangoni na wanawake wenzake, akasema huyu dada yetu ni mfano kwa wote, amemuuguza mama miaka sita bila kulalamika, na Mwenyezi Mungu ndiye atakayemlipa.

Watu wakaitikia amina. Na mimi niliitikia, kwa sauti kabisa.

Jioni, watu walipopungua, nilimkuta mama mkubwa uani anasugua sufuria. Nikampa shikamoo ya pili ya siku ile, maana sikujua nianzeje, nikamwambia, "Mama mkubwa, leo umesifiwa." Hakuinua kichwa. Akasema, "Mwanangu, leo mmekuja mia. Ningempata mmoja mmoja kila Jumamosi, ningelala."

Ndani ya basi, nikirudi Dar es Salaam, nilipiga hesabu. Watu mia, kila mmoja Jumamosi moja, ni karibu miaka miwili. Karibu miaka miwili ya Jumamosi ambazo mama mkubwa angeweza kulala, kwenda harusini, au kukaa tu kibarazani bila kutega sikio ndani. Tulikuwa nazo hizo Jumamosi. Hatukuzitoa. Tulipokuja kuzitoa tulizitoa zote siku moja, kwa ajili ya mtu ambaye hakuzihitaji tena.

Hili ndilo swali ninalotaka kulikalia hapa, na naomba msomaji univumilie kwa sababu sitalimaliza: tunaposema wazee ni wajibu wetu, "sisi" ni nani hasa?

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana tukizungumzia wajibu kwa ujumla kila mtu anakubali na hakuna kinachotokea. Bibi alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Akili ilibaki, ulimi ukawa mzito. Mtu wa namna ile anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa chache, mchana na usiku, la sivyo anatoka vidonda mgongoni na nyongani. Uji analishwa kwa kijiko, taratibu, asije akapaliwa. Kuna dawa za presha za asubuhi, kuna za usiku. Kuna kukogesha, kuna kubadilisha nguo, kuna kufua mashuka ambayo yakikauka saa nane yanalowa tena saa kumi. Na kuna lile ambalo halina jina, la kukaa na mtu mzima anayelia kwa sababu amekuwa mzigo, ukamwambia hapana mama, wewe si mzigo, huku mgongo wako unawaka moto.

Watu wa pwani tuna methali tunayoitamka bila kuifikiria: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bibi alilalia godoro la usufi, la zamani, alikataa kubadilishiwa. Kila asubuhi mama mkubwa alimhamishia bibi mkekani, akaliburuta godoro mpaka uani lipigwe jua. Kanda moja la usufi ni jepesi kweli. Godoro zima, usufi umeshikana mabonge, likiburutwa kila siku ya Mungu na mwanamke wa miaka sitini na tatu, si jepesi hata kidogo. Methali haisemi kwamba mzigo ni mwepesi. Inasema unaonekana mwepesi kwa asiyeubeba. Nimeitumia maisha yangu yote nikidhani inawasema watu wengine.

Mimi nilikuwa mtuma pesa. Natuma na ya kutolea, nafikiri hapo nimekuwa muungwana. Natuma siku nikikumbuka, au mshahara ukitoka mapema, au mtu akiandika kwenye grupu la familia kwamba dawa zimeisha. Nikienda Tanga ni Idd, siku mbili. Wenyewe husema Tanga ni waja leo, waondoka leo, na mimi nilikuwa mfano mzuri wa msemo huo. Bibi, kwa utani wa bibi na mjukuu, aliniita mume wangu. Siku moja, kwa ule ulimi wake mzito, aliniambia, "Mume gani wewe, hata geuza hujui." Wote tulicheka. Mama mkubwa hakucheka sana.

Na mimi ni mwandishi wa habari. Kila Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, nimeandika habari za wazee: hotuba ya mgeni rasmi, kaulimbiu, ahadi ya matibabu bure. Sikuwahi hata mara moja kuandika habari ya mtu anayesimama nyuma ya kiti cha mzee.

Mwaka 2003 serikali yetu ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee. Sera hiyo inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na inasema familia itaendelea kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya wazee. Nani atabisha? Ndivyo tulivyolelewa. Lakini soma tena ukiwa Ngamiani, umesimama kwenye ule ua. Kwa mujibu wa sera, mama mkubwa mwenyewe alikuwa mzee. Nyumba ile ilikuwa na wazee wawili na sisi tulikuwa tunamhesabu mmoja. Na hilo neno "familia", ukilifuatilia ndani ya nyumba, kupita sebuleni, kupita kwa wajomba wanaotoa maoni, unalikuta limeishia kwa mwanamke mmoja. Mara nyingi ni yule ambaye hakuolewa, au aliyeachika, au mjane, au aliyekuwa na biashara ndogo ambayo wengine waliona haifi ikisimama. Mama mkubwa alikuwa akiuza vitumbua. Zilisimama zote mbili, biashara na ndoto ya kuezeka chumba cha uani, na hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Ilitokea tu, kama maji yanavyofuata bonde.

Mtu atasema, kuna sitara. Mwanamume hamkogeshi mama yake, mjukuu wa kiume hambadilishi bibi yake nguo. Nakubali, sitara ni jambo la heshima na bibi mwenyewe angeona haya. Lakini nimejiuliza sitara inafika wapi. Kufua mashuka hakuna sitara. Kuburuta godoro hakuna sitara. Kwenda foleni ya dawa Bombo alfajiri hakuna sitara. Kukesha kwenye kiti mlangoni ili dada yako alale, na umwamshe bibi akimhitaji, hakuna sitara. Tuliichukua sitara ya saa moja kwa siku tukaitandaza juu ya saa zote ishirini na nne.

Shaaban Robert, mtu wa huku huku Tanga, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alituachia Adili na Nduguze. Shuleni tulifundishwa tumpende Adili, na ni kweli anapendeka: ana ndugu wawili wanaomwonea kijicho, naye anagawana nao mali, anawasamehe, anawasamehe tena. Nikiirudia hadithi ile sasa nakutana na jambo ambalo zamani sikuliona. Wema wa Adili ndio unaowaruhusu nduguze kuendelea kuwa walivyo. Simlaumu mwandishi, hadithi yake ina adhabu na ina hukumu. Nasema tu kwamba kwenye familia nyingi tuna Adili mmoja, tunamsifu kwa uvumilivu wake, na sifa yenyewe inakuwa kufuli. Aliyesifiwa kwamba halalamiki, kesho atalalamika vipi?

Sasa nirudi kwenye arubaini, maana pwani tuna arubaini mbili. Ya kwanza ni ya mzazi. Mwanamke akijifungua, mama yake au shangazi yake anahamia pale kwa siku arobaini. Mzazi anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo, anapikiwa uji wa pilipili manga na michuzi, hafagii, hachoti maji. Kwa nini? Kila bibi wa Tanga atakujibu: ili aweze kumnyonyesha mtoto. Yaani wahenga wetu walishaelewa kwamba mtoto hatunzwi na mama peke yake. Mtoto anatunzwa na yule anayemtunza mama. Walielewa kwamba anayebeba mtu naye anahitaji kubebwa, wala hawakuliona hilo kuwa dalili ya udhaifu wa mama au upungufu wa mapenzi yake.

Mwanafalsafa mmoja wa Marekani, Eva Feder Kittay, mama wa binti mwenye ulemavu mkubwa, aliandika mwaka 1999 kitabu kiitwacho Love's Labor, na ndani yake akajenga hoja hii hii. Alianzia kwa mwanamke anayemhudumia mzazi ili mzazi amhudumie mwanawe, akasema jamii yenye haki ingefanya hivyo kwa kila mtu anayemtunza asiyejiweza: anayetunza atunzwe. Niliposoma nilicheka peke yangu. Profesa alikuwa anaeleza arubaini. Tofauti ni kwamba yeye aliipeleka mbele, na sisi tuliiacha pale pale kwenye kitanda cha uzazi.

Kwa sababu arubaini yetu ya pili ni ya maiti. Kati ya hizo mbili, mwanzo wa maisha na siku arobaini baada ya mwisho wake, tunajua kukusanyika. Katikati, kwenye ile miaka sita ya kijiko na godoro, tunajua kusifu.

Nilianza kutafuta kama kuna mtu hapa nchini aliyewahi kulichukulia swali hili kwa vitendo. Nikalikuta jibu moja mbali sana na bahari yetu, upande wa pili wa nchi, Nshamba, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Linaitwa Kwa Wazee.

Historia yake inafaa kusimuliwa polepole. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walikotambuliwa, mwaka 1983. Miaka ya tisini ilipofika, vijiji vilikuwa vimejaa watoto waliofiwa na wazazi. Mswisi mmoja, Kurt Madörin, alikuwa anafanya kazi na mradi wa kuwasaidia hao watoto, ulioitwa Humuliza. Dunia nzima wakati ule ilikuwa inazungumza kuhusu yatima, na mtoto yatima anaonekana, picha yake inasema yenyewe. Lakini ukimfuata mtoto mpaka nyumbani unamkuta nani? Unamkuta bibi. Bibi amezika wanawe, amepewa wajukuu watatu, wanne, na jembe. Ikaonekana wazi kwamba huwezi kumshika mtoto huku umemwacha bibi anayemshika. Mwaka 2003, mwaka ule ule wa sera yetu, ikaanzishwa Kwa Wazee.

Ilichofanya kilikuwa kidogo, karibu cha kutia aibu kwa udogo wake. Iliwapa wazee pensheni. Katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa kama shilingi 6,000 kwa mwezi, na nyongeza ya shilingi 3,000 kwa kila mjukuu anayelelewa. Hakukuwa na semina ya ujasiriamali kwanza, wala mzee hakuambiwa alete risiti. Mwaka 2008 ikatoka tathmini ya mpango huo, na jina la tathmini yenyewe linataja walichonunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Wazee walikula vizuri zaidi, wajukuu pia, na kuombaomba kwa majirani kulipungua.

Nimetafakari sana hiyo orodha. Chumvi, sabuni, viatu. Mapenzi hayamo, kwa sababu hayakuwa yamepungua. Bibi wa Nshamba hakuhitaji kufundishwa kumpenda mjukuu wake. Alihitaji sabuni. Na hapa ndipo linapojibiwa, nadhani, lile pingamizi la kwanza ambalo wengi wetu tunalo, na mjomba wangu analo hadi leo: kwamba ukiingiza pesa na mashirika kwenye malezi ya wazee unayaua mapenzi, unawageuza watu kuwa vibarua wa mama zao. Nilichokiona Ngamiani ni kinyume. Kilichokuwa kinayala mapenzi ya mama mkubwa kila siku ni uchovu. Siku za mwisho alimfokea bibi. Aliniambia mwenyewe, akiangalia pembeni. Alimfokea kwa sababu ya kijiko cha uji, kisha akaenda chooni kulia. Usiku mmoja wa usingizi ungemwokoa na fedheha ile kuliko hotuba yoyote kuhusu pepo iliyo chini ya nyayo za mama.

Kitu cha pili kwenye pensheni ya Nshamba ni kwamba ilikuja kila mwezi. Sadaka huja siku mtoaji akikumbuka, na hiyo ndiyo niliyokuwa natuma mimi. Mpokeaji hawezi kupanga lolote kwa pesa ya namna hiyo, anaweza tu kushukuru. Shilingi 6,000 unazojua zinakuja zina thamani kuliko 50,000 usizojua kama zitakuja, kwa sababu zile za kwanza zinakukopesha dukani, zinakufanya uaminike, zinakurudisha kwenye hesabu za watu wazima. Heshima ya mzee, au ya anayemuuguza, kwa kiasi kikubwa ni kuweza kusema "mwezi ujao" na neno likawa na maana.

Hapa jirani zetu Zanzibar walipiga hatua ambayo sisi wa Tanga, tunaopakana nao kwa maji tu, hatuizungumzii vya kutosha. Tangu Aprili 2016, serikali ya Zanzibar inamlipa pensheni jamii kila mkazi aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Mvuvi, mkulima wa karafuu, mama aliyelea watoto tu maisha yake yote, wote. Hawaulizwi nani masikini zaidi. Hawasimami mbele ya kamati kueleza unyonge wao. Kenya nayo, tangu 2018, inawalipa wenye miaka 70 na kuendelea kupitia Inua Jamii. Huku bara tuna mpango wa kunusuru kaya masikini wa TASAF, na umewafikia wazee wengi, lakini ili uingie lazima kwanza uonekane masikini wa kutosha.

Nirudi Nshamba, maana jambo lililonivutia zaidi ni namna shirika lile lilivyokua. Tumezoea kupima ukuaji wa shirika kwa magari, vibao vya barabarani na idadi ya "wanufaika", neno ambalo sijawahi kumsikia mzee akijiita. Kuna ukuaji wa namna hiyo na una hatari zake. Shirika likinenepa huanza kuwahitaji wazee kuliko wazee wanavyolihitaji, mzee anakuwa picha kwenye ripoti, na siku mfadhili akiondoka kijiji kinabaki na kibao. Nimeandika habari za mashirika ya namna hiyo pia, sitayataja.

Lakini Kwa Wazee ilikua kwa kurudi nyuma hatua moja moja. Kutoka kwa mtoto hadi kwa bibi. Kisha ikaulizwa: bibi akiugua, nani anamshika? Vikaanzishwa vikundi vya wazee wenyewe, wa jirani kwa jirani, wanaotembeleana, kuweka akiba pamoja, aliye na nguvu kidogo anamchotea maji asiye nazo. Wajukuu wa kike walipoonekana kuwa hatarini, wakafundishwa kujilinda. Kila hatua ni swali lile lile: na huyu, anashikiliwa na nani? Kwangu hicho ndicho kipimo cha kweli cha shirika la namna hii. Je, macho yake yanaona mtu mmoja zaidi kuliko yalivyoona mwaka jana?

Tanga tuna vitu vyetu vya kuanzia. Kule Muheza, Hospitali Teule ina huduma ya tiba shufaa ya miaka mingi, ambayo wahudumu wake huwafuata wagonjwa majumbani. Ukimfuata mgonjwa nyumbani huwezi kuacha kumwona anayemuuguza, ndiye anayekufungulia mlango. Tuna makazi ya wazee ya serikali pale Mwanzange, na najua mjini kwetu watu hulitaja jina hilo kwa kunong'ona, kama vile ni aibu ya ukoo. Lakini fikiria historia ya mkoa huu. Mkonge uliletwa mwaka 1893, na kwa miongo mingi mashamba yake yalivuta vibarua kutoka Kigoma, Njombe, Burundi, Msumbiji. Manamba. Walikuja vijana kwa mkataba, wengi hawakurudi kwao, bei ya mkonge ikaanguka, wakazeekea kambini. Ukimwambia mzee wa namna ile kwamba familia ndiyo msingi wa matunzo, unamwambia nini? Jasho lake limejenga mji ambao wajukuu zetu wanauita wetu. Kama utu ni wa damu tu, yeye hana wa kumdai.

Na hapa ndipo nilipofika, kwa sasa. Nadhani tumekosea tulipodhani swali ni familia au shirika, damu au mshahara. Wajibu kwa mzee ni deni la familia, sawa. Lakini deni la wote likilipwa na mmoja, wengine hawajalipa. Wamesamehewa na mtu ambaye hakuulizwa kama anasamehe. Shirika jema, au serikali yenye pensheni, haimnyang'anyi mtoto nafasi ya kumtunza mama yake. Linamwondolea yule mmoja upweke, na kwa kufanya hivyo linatufichua sisi wengine. Labda ndiyo maana tunayaonea mashaka.

Kiswahili kina neno zuri, kutunza. Unamtunza mzee. Pia unamtunza mwimbaji wa taarabu: unainuka, unacheza kidogo kuelekea jukwaani, unambandika noti mbele ya ukumbi mzima. Sisi ni hodari sana wa kutunza kwa maana ya pili. Arubaini ile tulimtunza mama mkubwa kama mwimbaji, kwa maneno, mbele za watu, kisha tukarudi kukaa.

Sasa niseme tulichofanya, ingawa si kikubwa. Mama mkubwa ana miaka sitini na tisa. Magoti yamechoka, presha imempata na yeye. Zamu imefika kwake, na hana binti. Nilipendekeza kwenye grupu kwamba tuige kitu kutoka Nshamba: kiasi kidogo, kile kile, tarehe ile ile ya kila mwezi, bila kuombwa. Na Jumamosi za zamu. Watu waliweka alama za mikono ya dua, nyingi tu. Waliojiandikisha ni saba. Mjomba hayumo, ila mwanawe yumo.

Jumamosi yangu ya kwanza nilifika saa tatu asubuhi. Mama mkubwa hakujua anifanyie nini. Akanipikia chai, akanitandikia kiti kama mgeni, akaanza kuniuliza habari za mke na watoto. Nikamwambia sikuja kutembea, nimekuja zamu. Akasema, "Zamu ya nini, mimi si mgonjwa." Nikaanza kufua. Akasimama pale akinielekeza kwamba shuka haisuguliwi hivyo. Kama saa sita nilisikia kimya ndani. Nikachungulia. Alikuwa amelala upande, kanga imemfunika miguu, na hakuamka mpaka adhana ya alasiri.

Nilipoaga aliniuliza kama wiki ijayo anakuja nani. Nikamwambia ni zamu ya mtoto wa mjomba. Akaguna. "Huyo hatakuja," akasema.

Alikuja, ila alichelewa. Wiki iliyofuata hakuna aliyekuja.